HOSPITALI ISIYOMSTAHI MAITI HAILETEWI MGONJWA

Msomaji wangu, leo nina maneno mazito kidogo, na nakuomba uyasome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Nataka kuzungumza habari za maiti. Najua wako watakaosema kwamba ukurasa huu ni wa utamaduni, wa mashairi na ngoma na mapambo, na kwamba mambo ya hospitali yana kurasa zake. Lakini hebu niambie, ni utamaduni gani ulio mkubwa kushinda ule wa kumsitiri binadamu mwenzio siku ambayo hawezi tena kujisitiri mwenyewe?

Miaka mingi imepita tangu mama yangu mdogo, aliyenilea pamoja na wanawe, afariki katika hospitali moja ya huku kwetu pwani. Sitaitaja jina, kwani sikusudii kumshtaki mtu, na isitoshe yaliyotupata sisi yamewapata wengi mahali pengi. Alifariki siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Sisi tulikuwa nje twangojea saa ya kuwaona wagonjwa. Hakuna aliyetoka kutwambia neno. Tulipoingia tulikuta kitanda kimekwisha tandikwa shuka nyingine, na mgonjwa mwingine amelala juu yake. Kuuliza, kijana mmoja alituonyesha kwa kidole mlango wa nyuma akasema, "Huyo amepelekwa friji."

Basi tukaenda huko friji. Mama huyu aliishi umri wake wote ndani ya buibui, na wanaume wa mtaa walimjua kwa sauti yake tu, akiitikia hodi nyuma ya pazia. Siku ile alivuliwa nguo na wanaume wawili wasiomjua, akafungwa kibandiko cha nambari kidoleni, akalazwa safu moja na wanaume. Dawa ya kuhifadhi maiti alikuwa ameshachomwa, na hakuna aliyetuuliza kama twaitaka. Karani wa kuandika kibali cha maziko alikuwa ameondoka, na ofisi yake haifunguliwi hadi Jumatatu. Mjomba wangu, mzee wa watu, alimwendea mwenye ufunguo akamwambia kwa adabu, "Mwanangu, sisi kwetu maiti halali. Twakuomba utusaidie." Naye akajibiwa, "Mzee, hapa ni sheria. Rudini Jumatatu."

Tulirudi Jumatatu. Marehemu alilala siku tatu, na sisi hatukulala.

Lakini msomaji wangu, kisa hiki hakikuishia kaburini. Mwaka wa pili yake mjomba yule yule alishikwa na maumivu ya kifua, jasho likamtoka na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Tulimbembeleza sana tumpeleke hospitali. Alitutazama akasema, "Mwataka nikalale friji ningojee Jumatatu?" Akakataa kata kata, akafia nyumbani juu ya kitanda chake alfajiri ya siku ya pili. Baadaye tabibu mmoja aliniambia kwamba dalili zile, lau angewahiwa, huenda zingepata dawa.

Kwa hiyo ninaposema kwamba hospitali isiyomstahi maiti hailetewi mgonjwa, sisemi methali niliyoitunga barazani. Nasema jambo lililomtoa mtu wa nyumbani kwangu. Wakubwa wetu huhesabu vitanda na dawa na madaktari, wakastaajabu kwa nini watu wa mtaa fulani hawaji, au huja wakati mgonjwa ameshakata kauli. Hawafikiri kwamba jinsi marehemu wa jana alivyotolewa mlango wa nyuma ndivyo mgonjwa wa kesho atakavyoamua kuingia au kutoingia mlango wa mbele. Maiti hasemi, lakini habari zake husemwa mtaa mzima.

YALIYOTOKEA AFRIKA YA MAGHARIBI

Jambo hili si la pwani peke yake, wala si la Waislamu peke yao. Tazama yaliyotokea Guinea, Liberia na Sierra Leone ulipozuka ugonjwa wa Ebola. Ugonjwa ulianza Guinea mwishoni mwa 2013, na hadi ulipokwisha mwaka 2016 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000. Guinea na Sierra Leone wengi wao ni Waislamu, nao kama sisi humwosha maiti wao kwa mikono yao. Na hapo ndipo ulipokuwa msiba, kwa sababu mwili wa aliyekufa kwa Ebola una sumu ya ugonjwa kuliko alipokuwa hai. Shirika la Afya Duniani lilisema wakati ule kwamba maambukizi mapya yasiyopungua asilimia 20 yalikuwa yakitokea maziko.

Basi hapa utaona kwamba haki ilikuwa pande zote mbili. Madaktari walikuwa na haki ya kuogopa kuosha. Watu walikuwa na haki ya kuogopa kumtupa mzazi wao kama mzoga. Lakini mwanzoni upande mmoja tu ndio uliosikizwa. Watu waliovaa nguo nyeupe toka utosini hadi kidoleni, nyuso hazionekani, waliingia majumbani bila ya hodi, wakawatia maiti katika mifuko ya plastiki na kuondoka nao. Huko Monrovia, mji mkuu wa Liberia, serikali iliamuru Agosti 2014 kwamba maiti wa Ebola wachomwe moto. Matokeo yake watu waliwaficha wagonjwa wao vyumbani, na waliokufa wakazikwa usiku kwa siri, wakaoshwa vile vile kwa mikono mitupu. Amri iliyokusudiwa kuzima ugonjwa ikawa yaufunika kama moto ndani ya pumba.

Ndipo wenye hekima walipokaa chini. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa maziko ya salama na ya heshima, baada ya kushauriana na viongozi wa dini, wa Kiislamu na wa Kikristo. Maiti Mwislamu asiyeweza kuoshwa kwa maji aliruhusiwa kutayamamishwa, na mwenye kufanya hivyo avae mavazi ya kujikinga. Aliruhusiwa kuvishwa sanda. Jamaa waliruhusiwa kuhudhuria kwa mbali, kusoma dua zao, kushiriki kuchimba kaburi, na kaburi likawekwa jina. Mwisho wa mwaka ule Liberia nayo ikaacha kuchoma maiti, ikapata ardhi ya kuzikia.

Sisemi kwamba hilo peke yake ndilo lililoumaliza ugonjwa, kwani kazi ilikuwa kubwa na waliofanya kazi ni wengi. Nasema kwamba daktari hakuacha hata chembe moja ya udaktari wake ili kumpa Mwislamu tayamamu. Fiqihi yetu imeiweka ruhusa hiyo tangu zamani kwa wakati maji hayapatikani au yanadhuru. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza tu. Na watu wangapi walikufa kabla ya mtu huyo kupatikana?

MOTO MMOJA, MAANA MBILI

Ilipofika korona mwaka 2020 ungedhani walimwengu wameshafunzwa. Lakini Sri Lanka, kuanzia Aprili mwaka ule, serikali iliamuru kila aliyekufa kwa korona achomwe moto, Waislamu nao, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeruhusu kuzika. Wazazi Waislamu walichomewa watoto wao. Wengine walikataa kuwapokea maiti wao ili wasitie sahihi yao katika jambo lile. Amri hiyo ilidumu hadi Februari 2021, na Julai 2024 serikali ya nchi ile ikatoa radhi rasmi. Radhi ni jambo jema, lakini jivu halirudi kuwa maiti.

Sasa fikiri kidogo. Hapa Mombasa jirani zetu wa Kihindu humchoma maiti wao, na kwao hiyo ndiyo heshima kuu. Ukimzika baba yao shimoni umemdhulumu. Moto ni ule ule, mmoja umetukuzwa nao na mwingine ameaibishwa nao.

Na tusende mbali. Aprili 2020, katika kaunti ya Siaya, maiti mmoja alizikwa usiku wa manane kwa hofu ya korona, akatiwa kaburini mbio mbio bila ya sanduku, na wananchi wakaona picha zake wakafazaika nchi nzima. Mimi nilipoziona nilijiuliza swali. Sisi Waislamu hatuziki na sanduku, na kuzika usiku kwetu si aibu. Lau angekuwa ni mtu wa Lamu, tungelalamikia mengine lakini si hayo. Kwa Mjaluo hayo ndiyo yaliyokuwa fedheha yenyewe. Basi heshima haiko katika sanduku wala katika moto wala katika saa. Heshima iko katika kufanyiwa lile ambalo wewe na watu wako mnalijua kuwa ni heshima.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zangu wanaopigania haki zetu magazetini. Wao husema wafanyakazi wa hospitali wafundishwe mila za Kiislamu. Mimi sipingi, lakini haitoshi. Nchi hii ina makabila zaidi ya arubaini. Nani atakayeyajua yote? Hata Waislamu wenyewe si wa namna moja. Bohora wana yao, Ithnaashari wana yao, na sisi wa Shafi tuna yetu. Mdigo atakufanyia jambo ambalo Mbajuni halijui. Ukimfundisha sista kwamba "Waislamu hufanya hivi", kesho atamkuta Mwislamu asiyefanya hivyo, naye atamlazimisha kwa nia njema.

Dawa ya jambo hili ni fupi kuliko hivyo, nayo ni swali moja: "Kwenu hufanywaje?" Swali hili halina kabila wala dini, na halihitaji fedha. Huko ndiko kubisha hodi. Mpwani hata awe na haraka vipi hasukumi mlango wa mwenziwe. Husimama nje akasema hodi, akangoja karibu. Huduma nayo ni mgeni. Hata ikija na dawa mkononi, ibishe hodi kwanza.

SISTA ALIYECHORA MSHALE

Sitaki ufikiri kwamba nina uchungu mtupu. Nimeyaona mema pia, na wajibu wa mwandishi ni kuyasema yote mawili.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtazama sahibu yangu aliyelazwa katika zahanati moja ndogo, mahali pa vumbi na mikorosho. Sista mkubwa wa pale alikuwa Mkamba, Mkristo mwenye msalaba shingoni. Ukutani, karibu na dari, niliona mshale umechorwa kwa chaki. Nikamuuliza, "Sista, mshale huu ni wa nini?" Akacheka akaniambia, "Baba, huo ni wa kwenu. Wazee wakizidiwa huniuliza kibla kiko wapi, nami nilikuwa sijui. Nikamwita mwalimu wa madrasa akanionyesha, nikachora."

Alinionyesha na vitu vingine. Kabatini mlikuwa na leso mbili safi za kumfunikia mwanamke akifariki. Nyuma ya mlango palikuwa na karatasi yenye nambari za simu za imamu wa msikiti ulio karibu, za padri, za mzee mmoja wa Kigiriama, na za akina mama wawili waoshaji. Mgonjwa akizidiwa usiku, huuliza jamaa kwa sauti ya chini, "Mwataka nimwite nani?" Mgonjwa akifa, humfumba macho, humfunika, kisha huwangoja watu wake.

"Nani alikufunza haya?" nilimuuliza.

"Hakuna," akasema. "Nilipofika hapa watu walikuwa hawaji. Nikamuuliza mama mmoja mkunga, akaniambia, watu wako waogopa kufa mikononi mwako. Basi nikamuuliza niwafanyieje ili wasiogope."

Zahanati ile siku niliyokwenda ilikuwa imejaa pomoni, na wengi waliokaa mabenchini walikuwa kina mama wa buibui na watoto wao. Chaki ile ilikuwa ya bei gani?

HAKI HII IKO WAPI KATIKA SHERIA

Wako watakaosema kwamba hizi ni hisani tu, akitaka sista atafanya na asipotaka basi. La hasha. Katiba yetu ya mwaka 2010 kifungu cha 11 chasema utamaduni ndio msingi wa taifa. Kifungu cha 32 chatupa uhuru wa dini na kuitekeleza, na kifungu cha 43 chatupa haki ya afya. Mpaka hapo huenda ukasema ni maneno makubwa ya Nairobi. Lakini fungua Jedwali la Nne la katiba hiyo hiyo, utakuta kwamba hospitali za kaunti, zahanati, makaburi, nyumba za kuwekea maiti na mahali pa kuchomea maiti vyote vimewekwa chini ya serikali za kaunti. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, mwenye kitanda cha mgonjwa na mwenye friji ya maiti ni mmoja, naye yuko hapa hapa, twamjua kwao, na twampigia kura. Hatuwezi tena kusema tumeonewa na watu wa bara.

Basi nawaomba wakuu wa kaunti zetu mambo manne, na hakuna hata moja litakalovunja hazina.

Kwanza, pawe na mtu wa zamu wa kuandika karatasi za maziko Jumamosi na Jumapili na sikukuu. Mauti hayana wikiendi.

Pili, maiti wa kike ashikwe na wanawake, na kila hospitali kubwa iwe na chumba cha kuoshea chenye maji ya kutosha na pazia.

Tatu, asichomwe mtu dawa ya kuhifadhi maiti kabla ya jamaa kuulizwa. Anayeitaka kwa sababu ana safari ndefu ya kurudisha maiti wake kwao, apewe. Asiyeitaka aachwe.

Nne, inapolazimu maiti apasuliwe kwa uchunguzi, jamaa waelezwe sababu kwa lugha wanayoifahamu, na kazi ifanywe kwa haraka. Huko Uingereza ziko sehemu ambazo maiti huchunguzwa kwa mashine ya picha badala ya kisu, na Waislamu na Mayahudi wamefurahia jambo hilo. Tena Aprili 2018 Mahakama Kuu ya kule iliamua, katika kesi iliyoletwa na Mayahudi wa London, kwamba ofisa wa kuchunguza vifo hawezi kuweka kanuni ya kukataa kabisa kutazama haja za dini katika kupanga nani ashughulikiwe mwanzo. Ikiwa huko ambako Waislamu na Mayahudi ni wachache sheria imewasikiza, itakuwaje hapa petu tushindwe?

NA SISI JE?

Sasa nageuza kalamu kwetu, na hapa ndipo niliposema usinihukumu mapema.

Sisi wa pwani tuna tabia ya kuitia dini kila tusilolipenda. Maziko ya haraka ni sunna, naam. Lakini nimepata kuona haraka ambayo si ya sunna. Msichana ameolewa, amekufa ghafula, mwili una alama, na watu wa nyumba ile wakawa wakali kuliko masheikh kwamba maiti asipasuliwe, azikwe kabla ya adhuhuri. Hapo haraka ni ya kuficha. Wanazuoni wengi wameruhusu uchunguzi wa maiti pakiwa na dharura, na haki ya aliyeuawa ni dharura. Daktari akituuliza "kwenu hufanywaje?", tusimjibu kwa uongo tukausingizia Uislamu. Tukifanya hivyo mara moja, siku ya pili hatatuamini tunaposema kweli.

Kadhalika twalaumu makarani, na sisi wengi huzika waliofia nyumbani bila ya kuandikisha kifo. Kisha mjane akatafuta haki yake ya malipo ya uzeeni ya mumewe, au mayatima wakaenda kwa Kadhi kugawiwa mirathi, wakaulizwa cheti cha kifo, hakuna. Kumsitiri maiti kusiwe ni kumvua nguo aliye hai.

Na la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Miaka ya tisini, ukimwi ulipoingia mitaani mwetu, nilishuhudia kijana Mwislamu, aliyezaliwa mbele yetu na kuhitimu juzuu naye, akikosa mwosha. Waoshaji mashuhuri walitoa udhuru mmoja baada ya mwingine. Aliyemwosha mwisho ni mamake mzazi na mzee mmoja maskini, kwa glavu walizopewa na sista wa hospitali ambaye hakuwa wa dini yetu. Siku ile ni nani aliyekuwa na utamaduni, na ni nani aliyekuwa na jina lake tu?

Tena jirani zetu wa Kimijikenda wana maziko yao. Mgiriama ana hanga yake, na wazee wa Gohu walipofariki walisimamishiwa vigango, nguzo za kumbukumbu zilizochongwa kwa ustadi. Vingi vya vigango hivyo viliibwa vikauzwa hadi majumba ya makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerejeshwa. Ni mara ngapi sisi wa mjini tumeyacheka mambo hayo, tukayaita ya kishenzi, na vigango kuviita vijiti? Basi tusistaajabu mtu wa bara akituita sisi wagumu wa kuelewa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliposimama lilipopita jeneza akaambiwa kwamba ni la Myahudi, aliwafahamisha masahaba kuwa hiyo nayo ni nafsi. Hakuuliza kwanza dini yake. Mtaka hodi naye abishe.

Kwa hiyo nawaomba mashekhe na kamati za misikiti yetu tusingoje serikali. Kila msikiti ulio karibu na hospitali uwe na orodha ya waoshaji wa kiume na wa kike, wenye simu zinazoitika usiku. Waoshaji hao wafundishwe na madaktari namna ya kujikinga, kwa glavu na dawa, ili ukizuka ugonjwa mwingine tusikimbiane kama zamani. Na mmoja wetu aende kwa mkuu wa hospitali kwa salamu, kabla hapajatokea msiba, amwambie, "Bwana daktari, sisi ni jirani zako. Ukipatwa na mtu wetu, tuite." Hodi ina nusu mbili. Mmoja hubisha, na mwingine lazima aitike karibu.

Yule mzee wangu aliyefia kitandani pake kwa kuiogopa Jumatatu hatarudi. Lakini wako wazee wengine leo, katika mitaa ya Mvita na Malindi na Lamu na Kwale, wanaoficha maumivu yao wasipelekwe hospitali. Hawaogopi sindano. Hao hawatatolewa majumbani kwa vipaza sauti vya magari, wala kwa mabango. Watatoka siku watakapoona jirani yao amefia huko, na amerudishwa nyumbani na stara yake kamili.

Wahenga walisema mwosha huoshwa. Daktari, karani, mwenye ufunguo wa mochari, mkuu wa kaunti, na mimi ninayeandika, sote tuna zamu yetu. Nami kama ilivyo ada ya ukurasa huu, naaga kwa ubeti mmoja:

Mgonjwa ukipokea, jamaaze uwajuwe,
Mauti yakitokea, haraka waarifiwe,
Wa kumwosha kisogea, mlango afunguliwe,
Mwosha naye hungojea, zamuye asitiriwe.